Mapumziko ya mfanyakazi si hisani ya meneja

Upo ugonjwa ulioingia katika maofisi yetu, na katika mabenki kuliko kwingine kote, ambao hauonekani katika taarifa za hesabu za mwaka wala hausomwi katika risala za Mei Mosi. Ugonjwa wenyewe ni wa mfanyakazi kuona haya kupumzika, na wa mkubwa wake kuamini kwamba kila saa anayopumzika mfanyakazi huyo ni saa iliyoibwa. Wawili hao wamekubaliana bila ya kuandikiana, na makubaliano yao yanawagharimu wengi wasiokuwamo.

Mtazame karani wa benki aliyejenga au kupanga Bunju, Mapinga au Kerege, na ambaye kazi yake iko katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Anaondoka nyumbani giza halijapasuka ili aitangulie foleni ya Tegeta na Mwenge. Mchana kutwa yuko dirishani, uso wake ukitakiwa kuwa na tabasamu hata kwa mteja anayemtukana. Milango inapofungwa kwa wateja, kwake yeye kazi ya pili ndiyo kwanza inaanza: kuhesabu fedha noti kwa noti, kulinganisha zilizomo katika droo na zilizoandikwa na mashine, kuzirudisha katika chumba cha hazina ambacho hakifungwi mpaka wenye funguo wote wawili wawepo. Ikiwa hesabu haikukaa, yaani amepata "shoti" kama wanavyoiita wenyewe, hatoki mtu mpaka ijulikane kosa liko wapi. Baada ya hapo kipo kikao cha malengo: akaunti ngapi zimefunguliwa, mikopo mingapi imetolewa, amana kiasi gani zimeletwa. Anafika nyumbani watoto wamelala. Na hapo simu nayo ina kundi la WhatsApp la tawi, ambamo mkubwa huuliza saa nne za usiku jambo ambalo lingeweza kungoja saa mbili za asubuhi.

Nyumba ya karani huyu haiko mbali na bahari. Usiku upepo wa kusi humletea harufu ya mwani mpaka kitandani. Lakini mwaka unapita hajaukanyaga mchanga wa pwani, isipokuwa siku ya harusi au ya semina.

Mwenzake wa Bagamoyo mjini hana foleni ya magari, ila ana foleni ya watu. Mishahara inapotoka, walimu wa Fukayosi, Makurunge, Yombo na Zinga hushuka mjini siku moja, na wauguzi na watendaji wa kata wakawa nyuma yao. Simu na mawakala wamepunguza sehemu ya msongamano huo. Hata hivyo mkopo, dai na kosa la makato bado huishia dirishani, mbele ya kijana yule yule.

Wapo watakaocheka wakisoma haya. Watasema: karani wa benki anavaa tai, anakaa penye kiyoyozi, mshahara wake haucheleweshwi, kama ni mapumziko, na apumzike kwanza mpagazi wa bandarini na mama anayekaanga samaki sokoni Bagamoyo. Hoja hii ina sura ya haki, lakini tumbo lake ni tupu. Mpagazi hapati hata dakika moja ya kupumzika kutokana na karani kuchoka. Anachopata ni kuhesabiwa vibaya akiba yake siku atakapoipeleka.

Na kwa kweli mvuvi wa Bagamoyo, pamoja na ufukara wake, amebakiwa na kitu ambacho karani amekipoteza. Bahari ndiyo inayompangia ratiba: bamvua lina kazi yake, maji mafu yana yake. Ijumaa wengi hawatoki. Hukaa wakashona nyavu, wakaswali, wakacheza bao. Mapumziko yake hayaombewi ruhusa kwa barua. Yamo ndani ya kazi yenyewe, kama kivuli kilivyomo ndani ya mti.

Lakini ni huyo huyo mvuvi aliyeandikwa kuwa ni mvivu. Mkoloni alipofika pwani hii alimwona mtu amekaa barazani saa nne za asubuhi, akaandika kwao kwamba Mswahili hapendi kazi. Hakuandika kwamba mtu huyo alikuwa amerudi baharini alfajiri ile. Mwandishi mwenyewe jioni alikwenda klabuni kwake kucheza tenisi, na katika klabu hiyo Mwafrika aliingia kwa kubeba sinia tu. Kupumzika kwake kuliitwa ustaarabu. Kwetu kuliitwa uvivu. Hiyo ndiyo kasumba tuliyoirithi, na ajabu ni kwamba tumeipaka rangi ya uzalendo. Leo meneja Mwafrika, mtoto wa mvuvi au wa mkulima, akimwona karani ameshika mfuko wa viatu vya mpira saa kumi na moja za jioni, humuuliza kwa kejeli: "Wewe huna kazi?"

Hapo ndipo wakubwa wa namna hii wanapoitoa hoja wanayoidhani kuwa ndiyo ya mwisho. Wanalitaja Azimio la Arusha. Wanasema Chama kilikwisha kutamka kwamba taifa hujengwa kwa kazi, na kwamba soga, ngoma na pombe ni kupoteza nguvu za nchi. Ni kweli, Azimio la 1967 liliwasema waziwazi wanaume wa vijijini waliokuwa wakizipoteza nguvu zao namna hiyo, na halikuwasahau wanawake wa mijini. Lakini mtu anayelitumia Azimio kumnyima karani Jumamosi yake hakulisoma, au alilisoma akaruka ukurasa. Katika sehemu ile ile Azimio lilimchukua mfanyakazi wa mshahara wa mjini likamfanya kipimo: saa saba na nusu au nane kwa siku, siku sita au sita na nusu kwa wiki, jumla yake kama saa 45 kwa wiki, na likizo yake kila mwaka. Kisha likamtaja mwanamke wa kijijini anayefanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Halikumtaja ili wote tugeuzwe kuwa kama yeye. Lilimtaja ili mumewe aone haya.

Sasa chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, uisome sehemu ya saa za kazi. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, nazo zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Baina ya siku na siku mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Baina ya Azimio na sheria hii ilipita miaka 37. Siasa ya uchumi ilibadilika, mabenki yalibadilika, sarafu yenyewe ilibadilika thamani, lakini 45 ilibaki 45. Hesabu hii haikuandikwa na mvivu yeyote. Basi anayetoka tawini saa tatu za usiku akatakiwa awepo saa moja za asubuhi amepewa saa 10, na katika hizo 10 barabara ya Bagamoyo imekula fungu lake. Huko si kujituma, ni kuvunjwa kwa sheria huku kila mtu akitabasamu.

Kila Mei Mosi tunaandamana na mabango ya mishahara. Asili ya siku hiyo haikuwa mshahara, ilikuwa saa. Mei 1, 1886 wafanyakazi wa Chicago na wa miji mingine ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, na siku chache baadaye damu ikamwagika katika uwanja wa Haymarket. Walichotaka ni siku igawiwe mafungu matatu: fungu la kazi, fungu la usingizi, na fungu la tatu liwe mali ya mtu mwenyewe. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa uliliingiza jambo hilo katika Tamko la Haki za Binadamu, ibara ya 24. Fungu la tatu ndilo linaloliwa leo katika mabenki yetu, na linaliwa kimya kimya kwa sababu halina karatasi ya malipo inayoonyesha kwamba limekatwa.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi wao ni walimu na watumishi wa umma. Kwao ipo historia ambayo haina budi kukumbushwa. Mwaka 1922 makarani na watumishi wa Kiafrika wa Serikali ya kikoloni, Martin Kayamba akiwa mbele yao, waliunda chama chao mjini Tanga. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association mjini Dar es Salaam, rais wake wa kwanza akiwa mwalimu, Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes. Watu hawa walikuwa na ajira. Mchana walikuwa wa mwajiri. Chama walikijenga kwa saa za jioni na za mwisho wa wiki. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere, akifundisha Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na mwisho wa wiki akawa anatembea kwa miguu mpaka mjini kwenda kuonana na wenzake. Hadi 1955 alipoacha kazi ya ualimu alikuwa mfanyakazi wa mshahara kama mwingine yeyote. Tumshukuru Mungu kwamba mkuu wake wa shule hakumwita Jumamosi kuja kueleza malengo ya robo mwaka.

Sitaki kudai kwamba kila karani akipewa jioni yake atakwenda kuanzisha chama cha ukombozi. Wengi watakwenda kucheza mpira, kuimba kwaya, kuwasikiliza watoto wao wakisoma, au kukaa tu. Kukaa tu nako ni haki. Ninachosema ni kwamba mtu asiyekuwa na saa yake mwenyewe hawezi kuwa mwananchi kamili: hahudhurii mkutano wa mtaa, hajui mwalimu wa mwanawe anaitwa nani, hamtembelei mgonjwa isipokuwa anapokuwa maiti.

Kuna wanaosema benki ni kazi ya dharura siku zote. Dharura ilikuwepo, na ilikuwa na sababu. Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa chini ya Amon Nsekela, wenyeji wenye uzoefu walikuwa wachache, na vijana wa Kitanzania walibeba mzigo mkubwa kuliko umri wao. Jasho hilo lilikuwa la taifa. Lakini mwaka 1997 benki hiyo iligawanywa mafungu matatu, na mwaka 2000 hisa nyingi za NBC zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Biashara ya benki kwa jumla ikaingia katika ushindani, ambao wateja tumeufaidi. Basi na tuitaje hali kwa jina lake. Saa ya ziada isiyolipwa ya karani wa leo, awe wa benki hii au ile, haizibi pengo la wataalamu. Inaingia katika faida, na faida ina wenyewe.

Hata kwa akili ya kibenki, bila ya siasa wala huruma, uchovu huu ni hasara. Katika taaluma hiyo, duniani kote, ipo kanuni ya zamani kwamba mwenye dhamana ya fedha akae nje ya kiti chake wiki mbili mfululizo kila mwaka, na kazi yake ishikwe na mwingine. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya kufichua wizi: mtu anayeficha upotevu huhitaji kuwepo kila siku ili aendelee kuuficha. Kwa hiyo karani ambaye hachukui likizo, ambaye tunampa cheti cha mfanyakazi bora na kumpiga picha na meneja, kwa mkaguzi mwenye ujuzi ndiye wa kwanza kutazamwa. Benki inajua hivyo. Inampa likizo ili imchunguze, kisha inampigia simu kila siku ya likizo hiyo kumuuliza lilipo faili. Hapo imekosa vyote viwili, ukaguzi na mapumziko. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inayataka makampuni makubwa yajadiliane na wafanyakazi juu ya haki yao ya kutosumbuliwa kwa simu na barua baada ya saa za kazi. Kwa jirani zetu wa Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Sisi bado tunamsifu anayejibu upesi usiku wa manane.

Na lipo jambo la michezo, ambalo ndilo linalochekesha zaidi. Tangu msimu wa 2021/22 Ligi Kuu yetu ya soka inaitwa Ligi Kuu ya NBC. CRDB na NMB nazo zimekuwa na mbio zao za hisani, na fedha zilizochangwa katika mbio hizo zimesaidia matibabu ya wananchi. Hilo ni jema na lisemwe kwamba ni jema. Mabenki yetu yanaujua basi uzito wa michezo. Lakini kufadhili mchezo na kucheza ni mambo mawili. Siku ya mbio karani huvaa fulana yenye nembo, hukimbia au hutembea kilomita tano, hupigwa picha, na Jumatatu anarudi dirishani kuikalia nyama ile ile ya mgongo mpaka mwaka ujao. Lipo SHIMUTA kwa mashirika na makampuni, kama watumishi wa wizara walivyo na SHIMIWI. Hata humo wanaokwenda ni wachache wenye vipaji, na wengine wote wanabaki kuzijaza nafasi zao tawini. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Agizo zuri. Lakini Jumamosi ni siku ambayo matawi mengi hufunguliwa, na sijapata kusikia tawi lililofungwa Jumamosi ya pili ili wahudumu wake wakanyooshe viungo. Maagizo ya afya nchini humu yana desturi ya kuwafikia wale ambao tayari wana nafasi.

Tuseme sasa karani amepata nafasi. Aende wapi? Kuanzia Kunduchi kupita Ununio hadi Mbweni, vichochoro vingi walivyopita wavuvi na watoto kushukia baharini vimegeuka kuwa mageti. Penye geti kuna mlinzi, na kwa mlinzi kuna kiingilio, au kuna sharti la kununua chakula ambacho bei yake ni ya mgeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Mita hizo 60, mtu akizitembea leo, mara nyingi atazitembea akiwa ameukabili ukuta. Viwanja vya wazi vilivyokuwemo katika ramani za mipango miji navyo vingi vimeota nyumba na vibanda, na kijana aliyejifunza mpira uwanjani hapo leo anautazama kwenye televisheni ya baa iliyojengwa juu ya goli.

Bagamoyo yenyewe ina bahati kidogo. Pwani ya mji bado ni ya watu, Mwanakalenge bado ni uwanja, na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, kila mwaka huleta ngoma na michezo ya kuigiza ambayo watu huifuata kutoka mbali. Utamwona karani wa benki katika tamasha hilo. Amekaa chini ya mwavuli wenye nembo, mbele yake kuna meza na fomu, anafungua akaunti. Ngoma inapigwa nyuma ya kisogo chake. Vivyo hivyo katika hoteli za pwani hii: mabenki na mashirika huleta watu wao kwa siku tatu za semina, na katika siku hizo tatu mapazia ya ukumbi hufungwa ili picha zionekane ukutani. Bahari iko upande wa pili wa pazia. Kisha inaandikwa katika taarifa kwamba wafanyakazi walipata mapumziko Bagamoyo.

Kwa wanawake mambo ni mazito zaidi, na mabenki yetu yanaajiri wanawake wengi. Mwanamume akitoka tawini amechoka hupewa kiti na maji ya kunywa. Mkewe aliyetoka tawi jingine saa ile ile hupewa jiko. Akisema Jumamosi anakwenda kucheza netiboli na wenzake, jirani watauliza watoto kawaachia nani. Swali hilo halijawahi kuulizwa mume aliyekwenda kuitazama Yanga. Ukitafuta mtu ambaye Azimio lingemwandika upya leo, ni huyu: kazi saa tisa kwa mwajiri, tano kwa nyumba, na fungu la tatu hajawahi kulishika mkononi. Hakuna uwanja utakaomsaidia mwanamke huyu kabla mumewe hajajua bei ya mchicha.

Wala wafanyakazi wenyewe hawako mbali na lawama. Wengi wao wamepewa maana moja tu ya starehe nao wakaiamini, nayo ni meza, chupa na nyama choma, mkopo wa mshahara ukiwa ndio unaolipa. Hiyo ni biashara ya mtu mwingine inayoendeshwa kwa ini lako. Wapo pia wanaojisifia kutokwenda likizo, wakiuhesabu uchovu wao kama medali. Na wapo vijana waliosoma mpaka chuo kikuu ambao wanaona kucheza bao na wazee wa Dunda ni "uswahili", na kuendesha baiskeli ni umaskini, na kuogelea ni mambo ya wazungu, nao wamezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini.

Na sisi tunaosimama upande wa pili wa dirisha je? Mwalimu anayejua jinsi mzazi anavyomfokea kwa makosa ya Wizara, ndiye huyo huyo mwisho wa mwezi anayemfokea karani kwa makosa ya mtandao. Mtumishi wa Serikali ambaye ofisi yake hufungwa saa tisa na nusu alasiri hupiga kioo cha benki saa kumi na moja akidai ahudumiwe. Tunataka benki isifungwe, duka lisifungwe, simu isizimwe. Kisha tunashangaa watu wanaotuhudumia kuwa na nyuso za chuma. Meneja anapodai saa za ziada huwa ana kisingizio, na kisingizio chenyewe ni sisi.

Chama cha wafanyakazi nacho kijieleze. TUICO ina nguvu ya kufunga Mkataba wa Hali Bora za Kazi na mwajiri. Katika mazungumzo hayo nyongeza ya mshahara hupiganiwa kwa siku kadhaa, lakini saa ya kufunga tawi haipiganiwi hata kwa alasiri moja. Yaandikwe humo mambo ambayo mtu anaweza kuyapima kwa saa ya ukutani: saa ya mwisho ya karani kuwa ndani ya tawi siku ya kawaida na siku ya kufunga mwezi, kwamba hakuna agizo la kazi kwa simu baada ya saa hiyo, kwamba wiki mbili za likizo ni wiki mbili, funguo na simu ya ofisi vikiwa kwa mwingine, kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi matawi yanapokezana kufungwa, leo la Dunda, mwezi ujao la Kerege. Halmashauri nazo, ya Bagamoyo na za Dar es Salaam, zichapishe orodha ya njia zote za umma za kushukia baharini kuanzia Kunduchi mpaka Kaole, ziweke mawe ya mipaka, na geti lililosimama juu ya njia hizo ling'olewe mchana, watu wakiona. Matawi ya Chama yaliyoko mitaa hiyo yanazijua njia hizo zote, kwa sababu wazee wake walizipita.

Na Sheria ya 2004 haikuacha saa za ziada zitegemee kumbukumbu ya kichwa cha meneja. Basi katika mkutano wa kwanza wa wafanyakazi utakaofanyika katika tawi lolote la benki baina ya Mwenge na Bagamoyo, asimame mjumbe mmoja, hata akiwa mgeni kazini, amwombe meneja alete mezani daftari la saa za ziada za mwezi uliopita, na lisomwe jina kwa jina.